Makabrasha hayamlishi mtoto wa Rungwe

Ndugu msomaji, tuanze na neno ambalo likitajwa pale stendi ya Tukuyu vijana wote hugeuza shingo. Ustawi. "Jamaa kaitwa ustawi!" Kijiwe kizima kinaangua kicheko, wengine wanampa pole, na hakosi mshauri wa kumwambia ahamie Tunduma kwa muda mpaka upepo utulie. Kwa wengi wetu Ofisi ya Ustawi wa Jamii ni mahali anapokwenda kushitaki msichana uliyemzalisha, ili utoe hela ya matunzo. Basi. Kazi zake nyingine hatuzijui na hatujawahi kuuliza.

Leo tunauliza. Tunaiuliza ofisi hiyo, na tunaiuliza Halmashauri ya Wilaya ya Rungwe iliyo juu yake: mtoto wa wilaya hii mnamhudumia vipi? Na wewe kijana usikimbilie kwanza ukurasa wa mpira, maana hela tutakayoitaja humu imetoka kwenye jasho lako.

Unapopakia mikungu ya ndizi pale Kiwira mpaka bega linachubuka, mzigo ule unakatiwa ushuru kabla haujafika Dar es Salaam. Tajiri haitoi hela hiyo kwenye faida yake, asikudanganye mtu. Anaikata kwenye bei ya mama mwenye mgomba, na inayobaki anaipunguza kwenye ujira wako. Chai ya Katumba, viazi vya Isongole, maparachichi yanayovuka bahari kwenda Ulaya, meza ya nyanya sokoni, leseni ya kinyozi, kila kimoja kinadondosha chochote kwenye kapu linaloitwa mapato ya ndani. Kapu lenyewe si kubwa. Mwaka 2017 serikali ilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima alipumua, kapu likapungua. Mishahara ya walimu na waganga inatoka Hazina, hiyo madiwani hawaigusi. Lakini kapu hili la nyumbani wanaligawa wao wenyewe, kwa kunyoosha mikono, ndani ya ukumbi ambao wewe unaruhusiwa kuingia.

Kutoka kwenye kapu hilo kuna fungu moja ambalo kila kijana wa mjini analijua kwa kichwa. Asilimia 10. Nne ya wanawake, nne ya vijana, mbili ya watu wenye ulemavu. Bunge liliuweka mgawo huo kwenye sheria mwaka 2018, mikopo isiyo na riba. Aprili 2023 serikali ilipoisimamisha ili kuzuia wizi wa vikundi hewa, vijana walipiga kelele nchi nzima mpaka ikarudi mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Walikuwa na haki ya kupiga kelele.

Sasa fungu la pili. Shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano, kwa ajili ya lishe. Umewahi kulisikia? Umewahi kumsikia mtu analigombea? Mwandishi wa makala hii ameuliza vijana kwenye vijiwe vitatu, vya bodaboda viwili na cha wapakiaji kimoja. Aliyekuwa amelisikia ni mmoja, na huyo mke wake ni mhudumu wa afya.

Habari yake ni hii. Desemba 2017, pale Dodoma, wakuu wa mikoa walitia saini mkataba wa lishe mbele ya Makamu wa Rais wa wakati ule, Samia Suluhu Hassan. Mkataba ukateremshwa wilayani na kwenye halmashauri, na kila halmashauri ikatakiwa itenge shilingi hiyo 1,000 kutoka mapato yake ya ndani. Septemba 2022 mkataba ulisainiwa upya, yeye akiwa Rais, ili uendelee mpaka 2030. Kinachopimwa ni mengi, lakini la kwanza ni je, hela imetoka?

Hapo ndipo penye kiinimacho, ndugu msomaji, na ndipo tunapotaka ufungue macho. Katika vitabu vya halmashauri kuna maneno mawili yanayofanana kama mapacha. Moja ni "imetengwa". La pili ni "imetolewa". Hela iliyotengwa ni hela ya kwenye karatasi, imepitishwa na baraza, imepigiwa makofi, imeandikwa kwenye taarifa inayokwenda mkoani. Hela iliyotolewa ni ile iliyofika kununua mizani ya kupimia watoto, mafuta ya pikipiki ya ofisa lishe, na unga na maziwa ya mafunzo ya mapishi kijijini. Kati ya neno la kwanza na la pili kuna shimo, na ndani ya shimo hilo hutumbukia kila mwaka vifungu vya watoto kwenye halmashauri nyingi za nchi hii. Mapato yakipungua kinachoanza kukatwa si posho ya kikao. Wala si mafuta ya shangingi. Hukatwa kile ambacho mwenyewe hajui kama ni chake.

Na shilingi 1,000 kwa mwaka ni nini? Gawanya kwa siku 365. Hazifiki shilingi 3 kwa siku. Watoto 10,000 ni shilingi milioni 10. Halafu uliza bei ya gari moja la wakubwa, lile la vioo vyeusi, upige hesabu mwenyewe lingewahudumia watoto hao miaka mingapi. Sisi tumeipiga tukaona tusiichapishe, tusije tukaambiwa tunachochea.

Utasema Rungwe hakuna njaa. Ni kweli, hakuna. Mvua inanyesha mpaka tumechoka nayo, mgomba uko mlangoni, ng'ombe wa maziwa yuko bandani, parachichi linaoza chini ya mti. Lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Mikoa iliyoongoza haikuwa ile ya ukame. Majirani zetu wa Iringa, mkoa wa mahindi, walikuwa na 57 kati ya 100. Njombe, mkoa wa viazi na maziwa, 50. Basi asije mtu na porojo kwamba mlima kuwa kijani ni ushahidi wa afya ya mtoto. Mtoto anashibishwa ndizi au uji mwepesi, maziwa yanakwenda kwenye gari la mnunuzi, mayai yanakwenda stendi, na mama yuko kwenye chai tangu alfajiri, kichanga kimeachwa na dada yake wa miaka saba. Tumbo limejaa, mwili haukui. Kudumaa huanza tangu mimba na humalizika kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Ukichelewa hapo hata umnunulie kuku kila Jumapili, kimo chake na sehemu ya akili yake vimekwisha kwenda.

Ndiyo maana kuna ile Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, kila baada ya miezi mitatu. Watoto wanapimwa uzito, wanazungushiwa utepe mkononi, mama anaoneshwa namna ya kuchanganya chakula cha vitu alivyo navyo. Inapofanyika vizuri ni kazi nzuri sana, na wahudumu wanaotembea kwenye utelezi wa Rungwe kuifanya tunawavulia kofia. Nenda siku moja ukaangalie. Utakuta akina mama hamsini na mwanamume mmoja, naye ni mwenyekiti wa kijiji amekuja kufungua.

Turudi kwenye sheria, maana kuna wakubwa wanaodhani mtoto ni suala la huruma. Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, haikuandikwa kwa kubembeleza. Kifungu cha 94 kinaibebesha serikali ya mitaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto aliye ndani ya eneo lake. Hakikusema mfadhili. Hakikusema kanisa. Halmashauri inatakiwa iwe na daftari la watoto walio katika mazingira hatarishi zaidi, na iwasaidie wakue kwa heshima kama watoto wengine. Mtoto akitupwa au akipotea, kuwatafuta wazazi wake ni kazi yake. Wazazi wakigombana mtoto akaumia, kuwakalisha chini ni kazi yake. Ofisa ustawi wa jamii, yule unayemkimbia mpaka Tunduma, ndiye mkono wa halmashauri kwa hayo yote. Maofisa hao ni wachache nchi nzima, wengi wao hawana usafiri, na mmoja anaweza kubebeshwa kata ambazo kwa miguu hazimaliziki kwa wiki.

Kwa nini kazi hii akapewa mtu wa Tukuyu na si wa Dodoma? Wazee wanakumbuka. Mwaka 1972 halmashauri zilifutwa nchini, mambo yakawekwa mikononi mwa wakuu wa mikoa na wilaya. Miaka kumi baadaye, sheria ya mwaka 1982 ikazirudisha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliye Dodoma hawezi kujua kwamba kuna bibi kule Masoko anayelea wajukuu watano. Mwenyekiti wa kitongoji anajua, mtendaji wa kijiji anajua, na jina la kila mtoto lilitakiwa liwe kwenye lile daftari.

Na bibi huyo hakulea wajukuu watano kwa kupenda. Utafiti wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta Mkoa wa Mbeya una maambukizi ya virusi vya UKIMWI ya asilimia 9.3 kwa watu wazima, ukizidiwa na Njombe na Iringa tu. Kwa miaka mingi kazi ya kuzungukia nyumba zenye yatima nchini ilibebwa sana na wahudumu wa kujitolea waliopewa posho na baiskeli na miradi ya wafadhili, Wamarekani wakiwa mbele. Januari 2025 Rais Donald Trump akasimamisha misaada ya nje. Kufika Julai mwaka huo shirika lao la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Mtu mmoja alitia saini kule Washington, na huku mhudumu akarudisha makabrasha ofisini akaenda shambani kwake. Hatumlaumu Trump. Hela ni zao. Tunawauliza wenye kifungu cha 94: mliposhika daftari lile mlikuwa mmelishika wenyewe au mlikuwa mmeshikiwa?

Hapa turuhusu tukumbushe jambo la wazee wetu, kwa kuwa kuna watu wanasema kulisha watoto wa wengine ni mambo ya kizungu. Kati ya mwaka 1934 na 1938 alikaa huku Unyakyusa mama mmoja mtaalamu kutoka Afrika Kusini, Monica Wilson, akachunguza maisha yetu akayaandika katika kitabu alichokitoa mwaka 1951. Alikuta wavulana wa miaka kumi hivi wakitoka nyumbani kwa baba zao na kujenga kijiji chao wenyewe. Lakini chakula walirudi kula kwa mama zao, tena si kila mmoja kwa mama yake. Walikwenda kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Mtoto asiye na mama mwenye chungu kikubwa alikula sawa na mtoto wa chifu. Sasa nani wa kizungu hapo?

Leo kundi lile lile liko darasani. Shule za msingi hazina ada, na hilo ni jema, tusiwe wachoyo wa kulisema. Lakini ruzuku iliyopangwa ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na kati ya hizo 4,000 zikabaki juu kwa ajili ya vitabu. Shuleni zikateremka 6,000. Shilingi 500 kwa mwezi, za chaki, karatasi za mitihani, ukarabati na michezo. Chakula hakimo. Mwongozo wa taifa wa chakula shuleni, wa mwaka 2021, umekiacha mikononi mwa wazazi na kamati ya shule, halmashauri ikiwa msimamizi. Mahali penye mwalimu mkuu hodari na mwenyekiti anayeaminika, wazazi wanaleta mahindi na maharage, uji unapikwa, utoro unapungua. Mahali ambapo mahindi ya mwaka jana yalipotea stoo, hakuna mzazi atakayeleta debe la pili.

Mwandishi huyu alisoma shule ya aina hiyo ya pili, humu humu wilayani, hataitaja. Tulitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi kwenye ukungu, kaptura zimelowa mpaka mapajani, tukirudi saa tisa bila kitu tumboni zaidi ya mapera ya kuokota. Kipindi cha hesabu kilikuwa saa sita. Matokeo yangu ya hesabu ya kidato cha nne ukiyaona utajua chanzo.

Wenzetu wa Nairobi mwaka 2023 waliamua vingine. Serikali ya kaunti, kwa kushirikiana na shirika moja la huko huko Kenya, ilijenga majiko makubwa ya kupikia shule nyingi kwa pamoja. Mzazi analipia shilingi 5 za Kenya kwa mlo, mtoto anavaa bangili mkononi, anaigusisha kwenye mashine, anapewa sahani. Nairobi ina hela ambazo Rungwe haina, hilo tunalijua. Lakini Rungwe ina ndizi, maharage, viazi na maziwa ambavyo Nairobi inanunua kwa lori. Kinachotakiwa hapa si jiko la mamilioni. Ni stoo yenye kufuli mbili, na hesabu inayosomwa mbele ya wazazi kila muhula.

Kuna lingine ambalo hatupendi kulisema kwenye kijiwe, basi tulisome. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009, uliotolewa 2011, ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 nchini walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Na wavulana? Mmoja kati ya 7. Kijiweni kwenu mko wangapi? Tangu mwaka 2017 ukawekwa mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili, wenye kamati kuanzia wilaya mpaka kijiji. Kamati hizo zipo kwenye makabrasha. Mtaani mtoto akiharibiwa, wazee wa pande mbili wanakaa, ng'ombe anatajwa, hela inahesabiwa, mambo "yanamalizwa kifamilia", na mtoto anabaki akisalimiana na aliyemharibu kila asubuhi njiani. Kifungu cha 95 cha sheria ile ile kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa ya haki ya mtoto kuvunjwa aipeleke serikali ya mitaa. Yeyote, maana yake na wewe dereva wa bodaboda unayempeleka mama yule zahanati usiku na kuambiwa unyamaze. Simu ni 116, hailipiwi. Dawati la jinsia na watoto liko polisi.

Tulivyofika hapa kuna kijana ameanza kukunja gazeti, anasema haya ni ya akina mama na madiwani. Ndugu yangu, wewe una miaka 24 na una mtoto wa miaka miwili pale Bagamoyo au Makandana, kwa mama yake au kwa mama yako. Unajua uzito wake? Kadi yake ya kliniki umeishika lini? Ulipokwenda zahanati ukaambiwa matibabu ya mtoto wa chini ya miaka mitano ni bure lakini dawa ukanunue nje, uligombana na muuguzi. Muuguzi hapangi bajeti. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 vituo vinapelekewa hela moja kwa moja kwenye akaunti zao, na kila kituo kina kamati ya usimamizi yenye wananchi ndani yake. Nani anaingia kwenye kamati hizo? Wastaafu, mara nyingi. Siyo kosa lao, wao ndio waliojitokeza.

Bajeti ya halmashauri huanzia chini. Vijiji vinataja mahitaji yao kabla ya mwisho wa mwaka, kata inakusanya, kamati za madiwani zinachambua, baraza linapitisha, na mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18 na unatakiwa ukae kila miezi mitatu, usomewe mapato na matumizi. Baraza la Madiwani nalo hukaa kila robo ya mwaka, mlango wazi kwa wananchi na kwa waandishi. Juu ya uchaguzi wa Oktoba 2025 uliolileta baraza lililopo, gazeti hili lina mengi ya kusema na limeyasema kurasa nyingine. Mtoto aliyezaliwa wiki hiyo hajui lolote kati ya hayo, na siku zake 1,000 zinahesabika.

Baraza likikaa tena bomani, sisi tutakuwa kwenye mabenchi ya nyuma pamoja na yeyote atakayekuja. Swali tumekwisha kuliandika na tutamkabidhi diwani atakayekuwa na ubavu wa kulisoma: katika robo iliyopita, ile shilingi 1,000 ya kila mtoto wa Rungwe, iliyotolewa ni kiasi gani, ilitolewa tarehe gani, na ilinunua nini? Hatuulizi iliyotengwa.